Gereji imenikatia springi za Toyota 86 na grainda, ikapaka rangi, ikaniuzia kama mpya

Wakuu nina hasira hata sijui nianzie wapi. Nina Toyota 86 ya 2013, ile yenye namba ya bodi ZN6, ya gia za mkono, nimeidunduliza miaka, nikaagiza Japani ikafika haina hata mkwaruzo. Mwezi uliopita nikaipeleka gereji moja hapa Dar (jina naliacha), nikawaambia nataka ishuke kidogo tu, sentimita mbili basi, kwa springi fupi zilizotengenezwa kwa ajili ya gari hii. Wakasema zipo. Nikalipa laki nane pamoja na ufundi, jioni nachukua gari imekaa chini, nachungulia nyuma ya tairi naona springi nyekundu, nikafurahi kweli kweli.

Tuta la kwanza tu, GWAA! Kama mtu kapiga nyundo chini ya kiti. Nikasema labda bado mpya, zitalainika. Wiki mbili gari inadunda kama mpira, kwenye kona ukikuta bonde mkia unaruka pembeni, mpaka nimeenda kufanya alaimenti kijana wa pale kainyanyua gari akaniita "bro njoo uone hii". Springi ya nyuma inacheza kwenye kikalio chake, unaishika kwa mkono inazunguka!! Ncha yake imekatwa na grainda, ina makali ya kukuchana kidole, na ile nyekundu ni rangi ya kopo, nimekwangua kwa ufunguo ikabanduka na chini yake ikatokea nyeusi ya kiwandani. Ni springi zangu mwenyewe. Nimeuziwa springi zangu mwenyewe laki nane.

Hela inauma ila kinachoniuma zaidi ni kwamba gari hii yote imejengwa juu ya jambo moja, uzito ukae chini. Tetsuya Tada, injinia mkuu wa gari hii, na timu yake ya Toyota waliungana na Subaru wakatumia injini ya boksa, pistoni zimelala kulia na kushoto badala ya kusimama, ndo maana kitovu cha uzito kiko kama sentimita 46 tu kutoka ardhini. Yaani gari ilishashushwa na mainjinia kabla hawa hawajashika grainda! Lita 2.0, pistoni upana milimita 86 na mwendo wake 86, haina tabo, kilo 1,200 na ushee, uzito asilimia 53 mbele 47 nyuma. Nyuma kuna dabo wishiboni, yaani kila tairi imeshikwa na mikono yake ya juu na chini, kila tairi inafuata barabara kivyake, sasa itafuata vipi kama shokapu haina pa kushukia na kile kiraba cha kuzuia shokapu isigonge mwisho kimeshapondeka chote?

Na mafundi wa gereji walivyokuwa wananicheka eti natembelea tairi za Prius, ile Toyota ya kubana mafuta. Ndiyo, gari hii ilitoka kiwandani na Michelin za upana wa milimita 215 zile zile zilizofungwa kwenye Prius na ilikuwa makusudi kabisa, ili ianze kuteleza mapema, taratibu, dereva aisikie bado ana muda wa kuirudisha. Wao walitaka kunifunga rimu pana za inchi 18, nashukuru hapo niligoma.

Halafu oili, nimekuja kugundua wameweka 20W-50, oili nzito, wakati kitabu kinasema 0W-20, nyepesi kabisa, na kwenye injini hii presha ya oili ndiyo inayosogeza taimingi za valvu, yaani muda wa kufunguka na kufunga kwake. Nimeimwaga siku hiyo hiyo.

Nimerudi kwao, bosi ananijibu "springi ni springi kaka". Risiti ninayo, imeandikwa springi mpya nne. Nataka hela yangu yote irudi na nimewapa mpaka Ijumaa, baada ya hapo naenda na risiti na zile springi polisi, sitanii. Gari imepaki, siiendeshi springi ikiwa inacheza vile.

Mwenye springi orijino za ZN6, mbele na nyuma, hata za gari iliyopata ajali ilimradi hazijakatwa, anicheki inboksi leo leo.