Kikundi cha Ukoo: Isaka na Visima vya Baba Yake

Baba Mkubwa: Habari za jioni, wanangu. Zamu ya leo ni Mwanzo 26, nami naomba tusiipite mbio, kwa kuwa ndiyo sura ambayo Isaka anasimama kwa miguu yake, si mtoto aliyelazwa juu ya kuni wala mzee kipofu anayedanganywa na mwanawe.

Kaka: Shikamoo, Baba Mkubwa. Uniwie radhi, lakini hata humo sioni kama anasimama. Njaa inamhamisha, kama ilivyomhamisha baba yake. Anamwita mkewe Rebeka dada yake, uongo uleule ambao Ibrahimu aliusema mara mbili kuhusu Sara. Anafukua visima vya baba yake na kuvirudishia majina yaleyale. Hiyo ni imani ya kunakili.

Shangazi: Hujawahi kuzibua kisima, mwanangu. Wafilisti walikuwa wamevifukia kwa udongo, na katika nchi kavu kama ile asiye na maji hana mifugo. Halafu soma mbele kidogo: watumwa wake wakachimba bondeni wakapata maji, wachungaji wa Gerari wakayagombania, akakiita kisima Eseki, yaani ugomvi, wakagombania na cha pili, akakiita Sitna, yaani uadui, akasogea tena, na cha tatu hakikugombaniwa, akakiita Rehobothi, yaani nafasi. Hayo majina hakuyarithi kwa mtu. Ibrahimu alipodhulumiwa kisima alimkabili Abimeleki, mfalme wa Gerari, akatenga kondoo wa kike saba wawe ushahidi. Isaka aliondoka akachimba kwingine, na mwishowe Abimeleki mwenyewe ndiye aliyemfuata kuomba waapiane.

Mimi: Shikamooni nyote. Mimi kinachonisumbua kinaanzia nyuma, kule Moria, Ibrahimu alipokaribia kumtoa Isaka sadaka. Baada ya Isaka kuuliza yuko wapi mwana-kondoo na kujibiwa, Maandiko hayatuandikii tena neno hata moja kati yake na baba yake. Tunaambiwa Ibrahimu alirudi kwa vijana wake, na Isaka hatajwi. Anapoonekana tena anatoka upande wa Beer-lahai-roi, kisima cha Hajiri, yule mjakazi aliyekimbia mateso ya Sara akakutana na malaika jangwani, na baba akishakufa anakaa papo hapo. Najiuliza kama alikwenda kumtafuta Mungu mahali ambapo waliosukumwa nje na nyumba yao walimwona.

Mama Mdogo: Marahaba, mama. Wazo lako linagusa, ila usilifanye ugomvi usioandikwa. Piga hesabu: Ibrahimu alimzaa Isaka akiwa na miaka 100, Isaka akapata mapacha akiwa na 60, na Ibrahimu akafa akiwa na 175. Kwa hiyo Esau na Yakobo walikuwa na miaka 15 babu yao alipofariki. Mtoto aliyeachana na babaye asingewaacha wajukuu wakue karibu na babu. Na pale Makpela, kwenye pango lililonunuliwa kwa shekeli 400 za fedha, Isaka na Ishmaeli walimzika pamoja.

Mimi: Kukua karibu naye hakukuandikwa pia, Mama Mdogo!

Baba Mkubwa: Hapo umemshika. Lakini tumtazame huyo mjukuu. Yakobo alikuwa na babu huyo na baba huyo, na bado kule Betheli aliweka nadhiri yenye sharti: Mungu akimlinda, akimpa chakula na nguo, akamrudisha salama, ndipo atakuwa Mungu wake. Alipoagana na mjomba wake Labani, baada ya kumtumikia miaka 20, aliapa kwa Hofu ya Isaka, yaani Mungu ambaye baba yake alimcha. Karibu na Shekemu ndipo akajenga madhabahu na kuitaja kwa Mungu wa Israeli, yaani wake mwenyewe, kwa kuwa Israeli ndilo jina jipya alilokuwa amepewa. Marehemu babu yenu alikuwa mzee wa kanisa, nami nilikwenda ibadani miaka mingi kwa ajili yake kabla sijaenda kwa ajili yangu, kwa hiyo simlaumu Yakobo kwa lile sharti.

Kaka: Rehobothi nimeikubali. Lakini sura inaishia kwa Esau kuoa wanawake wa Kihiti waliowatia wazazi wake uchungu. Naye alilelewa katika hema lilelile, na hatusomi popote kwamba alijenga madhabahu.

Shangazi: Ni kweli, hatusomi. Tunasoma tu kwamba alimkimbilia ndugu aliyemwibia baraka, akamwangukia shingoni wakalia, na Yakobo akamwambia kwamba kuuona uso wake ni kama kuuona uso wa Mungu.