Naomba ushauri: hifadhidata ya SQLite au Firebird kwa programu ya duka la vipuri?

Assalam aleikum wataalamu. Natengeneza programu ya mauzo na stoku ya duka la vipuri hapa Kongowea, Mombasa. Itakaa kwenye kompyuta ya Windows bila kutegemea intaneti, na mwenye duka hataki seva ya kusimamia.

Naelekea SQLite: faili moja, hakuna cha kusakinisha. Nimepanga journal_mode=WAL (mabadiliko huandikwa kwanza kwenye faili la pembeni, -wal) pamoja na synchronous=FULL (kila muamala husubiri uandikwe diskini), kwa kuwa umeme hukatika ghafla; ukiweka NORMAL faili haliharibiki, lakini miamala ya mwisho yaweza kupotea. Halafu foreign_keys=ON (ukaguzi wa uhusiano kati ya majedwali) kila muunganisho unapofunguliwa, maana kwa kawaida huwa imezimwa. Bei nahifadhi kwa senti, nambari kamili. Nakala ya akiba ni kwa VACUUM INTO, amri ya SQLite ya kuandika nakala kamili kwenye faili jipya, kila jioni, kisha kwenye flashi. Kunakili faili la .db peke yake programu ikiwa wazi huacha nyuma yaliyomo kwenye faili la -wal.

Kinachonikwaza ni kaunta ya pili, ambayo kompyuta yake itahitaji data hiyo hiyo. Kuweka faili kwenye folda ya mtandao sitaki kabisa: WAL huhitaji kumbukumbu ya pamoja ya mashine moja, na kufuli za mafaili mtandaoni haziaminiki. Je, nibaki na SQLite niandike huduma ndogo ya HTTP kwenye mashine kuu ili kaunta ya pili ipitie hapo, au nianze na Firebird ya kupachikwa (hukaa ndani ya programu yenyewe, bila seva), ambayo faili lake laweza kufunguliwa baadaye na seva kamili ya Firebird? Anayetumia Firebird dukani anieleze pia ratiba yake ya gbak, zana yake ya nakala za akiba.