Damu ya pili ya vankomisini SIYO marudio! Bima za Marekani zimenichosha

Wakuu, mnaoshughulika na bili za matibabu huku Marekani pitieni hapa. Leo sina hata salamu.

Mgonjwa ana maambukizi ya mfupa, karuhusiwa kurudi nyumbani na mpira wa PICC mkononi (unaopitisha dawa hadi mshipa mkubwa karibu na moyo), anaendelea na dripu za vankomisini, antibayotiki, kwa wiki kadhaa. Dawa hii ikizidi kwenye damu inaumiza figo, ikipungua bakteria wanabaki wanadunda. Lazima ipimwe. Zamani walichukua damu mara moja tu, kabla ya dozi inayofuata, wakitafuta 15 hadi 20 mg/L. Mwaka 2020 vyama vya wafamasia na vya madaktari wa maambukizi vya Marekani vikatoa mwongozo mpya kwa maambukizi makali ya MRSA, bakteria sugu kwa antibayotiki nyingi: kinachoangaliwa sasa ni AUC, yaani dawa yote ambayo mwili umekumbana nayo ndani ya saa 24, iwe kati ya 400 na 600. Njia mojawapo ya kuipata ni sampuli mbili: moja saa 1 au 2 baada ya dripu kuisha, nyingine karibu na dozi inayofuata. Mara nyingi zinaangukia tarehe moja.

Haya, njooni kwenye malipo. Namba ya CPT, ile inayotaja huduma kwenye dai la bima, ya kipimo hicho ni 80202. Ni hiyo hiyo kwa damu ya kwanza na ya pili, na haina pa kuandika saa. Dai likifika lina 80202 mbili za tarehe moja, kompyuta ya bima inagonga CO-18: dai limerudiwa. Limerudiwa na nani? Bila sampuli ya pili hiyo hesabu inafanywaje?

Najua kuna atakayekimbilia kusema "weka modifaya 91". NIMEWEKA hiyo alama ya nyongeza kwenye namba. Si ndiyo kazi yake, kuonyesha kwamba kipimo kimerudiwa siku hiyo hiyo kwa sababu ya matibabu? Kampuni ninayopambana nayo inalipa dai hili, linalofuata lenye sura ile ile inakataa. Ukipiga simu unaambiwa jaribu 59, modifaya ya huduma tofauti inayojitegemea. Ukijaribu 59, barua inakuja: modifaya haifai. Mnacheza na nani?

Na ukiruka kiunzi hicho kuna CO-50, eti kipimo hakikuwa cha lazima. Kwenye dai nimeweka namba za utambuzi: Z51.81 ya kufuatilia kiwango cha dawa, Z79.2 ya matumizi ya antibayotiki ya muda mrefu, na ugonjwa wenyewe wa mfupa. Vankomisini yenyewe wameilipia wao! Walidhani mtu anawekewa mpira wa PICC kwa ajili ya urembo?

Maabara nazo zisijifiche. 80200 ni tobramisini, 80202 ni vankomisini. Tarakimu moja tu, lakini kuna watu wanaikosea kila mara, halafu mimi ndiye naulizwa tobramisini imetoka wapi.

Akiwa amelazwa, hakuna anayeona haya, kwa sababu kwa Medicare (bima ya serikali, hasa ya wazee) na bima nyingi vipimo humezwa ndani ya malipo ya jumla ya DRG, yaani kiasi kimoja kwa kulazwa kote. Akitoka tu, kila kichupa cha damu kinakuwa kesi.

Kinachonikera kuliko vyote ni hiki. Hizo herufi CO maana yake hasara inabaki kwa mtoa huduma, mgonjwa hatakiwi kudaiwa. Vizuri kwa mgonjwa, kwa karatasi. Lakini Medicare hulipa kipimo hiki chini ya dola 20, na kukata rufaa kunakula muda wa mfanyakazi wenye thamani kubwa zaidi ya hiyo. Kwa hiyo meneja anafuta deni, halafu baadaye anamnong'oneza daktari: sampuli moja inatosha. Hapo karani wa bima ameshabadilisha tiba bila hata kumwona mgonjwa, na figo hazijui CO-18 ni nini.

Sasa nataka majibu ya kazi, siyo pole. Nani ameshinda rufaa ya CO-18 kwa 80202? Uliambatanisha saa za dripu na saa za kuchukua damu, au maelezo ya mfamasia na hesabu yake ya AUC? Na unazituma 80202 kwa mistari miwili, wa pili ukiwa na 91, au mstari mmoja wenye idadi 2?