Serikali ya mtutu: nani anaipa uhalali?

Mbadilisha pesa, Malaba: Wakuu, mzee mmoja kaniletea noti ya 1973 yenye sura ya Idi Amin, tukabishana kibandani hadi jioni. Amin aliingia madarakani Uganda kwa bunduki Januari 1971. Mbona mataifa yalimpokea kama rais halali?

Mwalimu wa Tororo: Ndugu, uhalali na kutambuliwa ni mambo mawili. Uingereza ilimtambua ndani ya wiki chache tu: alishika Kampala, jeshi, redio, basi. Nyerere wa Tanzania akakataa katakata, akamhifadhi Obote, rais aliyepinduliwa na Amin, Dar es Salaam. Mwaka 1975 mkutano wa OAU, umoja wa nchi za Afrika wa wakati huo, ukafanyika Kampala, Amin akawa mwenyekiti! Tanzania ilisusa. Sisi raia hakuna aliyetuuliza.

Mama Mbale: Mwalimu, malizia basi. Yusuf Lule, rais aliyemfuata Amin, alichaguliwa Moshi, Tanzania, mwaka 1979, tena na wakimbizi wa kisiasa, si kwa kura zetu. Tanzania ikamtambua upesi.

Mwalimu wa Tororo: Kweli mama. Siku hizi AU, Umoja wa Afrika uliorithi OAU, husimamisha uanachama wa nchi iliyopinduliwa serikali, kama Niger 2023, ila balozi nyingi za nje hubaki wazi huko.

Mbadilisha pesa, Malaba: Kwa hiyo Nyerere alikataa kwa kanuni au kwa urafiki na Obote?

Mama Mbale: Vyote viwili, mwanangu.