Utafiti wa ndege wa tropiki: ni kazi ya kuokoa au ya kuhesabu tu?

Mwulizaji:
Habari zenu, wakuu. Ninamalizia shahada ya kwanza ya biolojia na nimenuia kuwa mtafiti wa ndege wa misitu ya tropiki. Kinachonitatiza ni kwamba makala nyingi ninazosoma zinahusu kuvisha ndege pete za utambulisho miguuni, kupima mabawa na kuhesabu, ilhali mimi nilivutwa na uhifadhi wenyewe. Je, hizi ni njia mbili tofauti? Na asiye na shahada ya uzamivu aweza kufika mbali?

Mzee wa Nyavu:
Ndugu, kuhesabu ndiko kunakomwonyesha mhifadhi cha kuokoa. Mwaka 1979, kaskazini mwa Manaus nchini Brazili, mwanabiolojia Thomas Lovejoy alianzisha mradi ambapo msitu ulipokuwa ukifyekwa kwa ajili ya malisho ya ng'ombe, vipande vya hekta 1, 10 na 100 viliachwa vimesimama. Mwanzoni vilifurika ndege waliokimbia miti iliyoangushwa, kisha idadi ikaporomoka. Miongoni mwa waliotoweka mapema katika vipande vidogo ni wale wanaoandamana na misafara ya siafu ili wadake wadudu wanaokurupushwa, kwani kundi moja la siafu huhitaji eneo kubwa kuliko vipande hivyo. Hoja ya kutaka hifadhi iwe kubwa ilipata nguvu kutokana na pete hizo hizo unazoziona kuwa ni hesabu tu.

Kazi yenyewe haina madaha. Nyavu za kunasia ndege hufunguliwa kabla hapajapambazuka na kukaguliwa mara kwa mara. Mvua ikianza, zinafungwa mara moja, maana ndege aliyelowa wavuni hupoteza joto upesi. Unamshika shingo katikati ya vidole viwili bila kuibana, unampuliza manyoya ya kifua, na ukikuta ngozi tupu yenye mishipa iliyovimba, unajua kwamba anaatamia, hivyo unamwachia haraka arudi kwenye mayai.

Kozi:
Nakubaliana na Mzee, ila si kwa yote. Mwaka 1974 kozi (ndege mwindaji) wa kisiwa cha Morisi waliojulikana kuwa hai porini walikuwa 4 tu, na hapo hesabu ilikwisha kutimiza wajibu wake. Mhifadhi Carl Jones, aliyefika kisiwani mwaka 1979, alitumia mbinu ya kuchukua mayai ya kwanza ili jike atage tena, huku yale yaliyochukuliwa yakitotolewa na vifaranga wakilelewa kwa mkono. Leo kozi hao ni mamia. Anayependa kazi ya namna hiyo ajifunze ufugaji wa ndege mapema. Darasani hufundishwa kwa nadra.

Kuhusu uzamivu, mtaalamu wa ndege Theodore Parker wa Marekani hakuwa nayo, lakini aliweza kutambua maelfu ya spishi kwa sauti pekee, hadi akaaminiwa kutathmini misitu ya Amerika Kusini kwa wiki chache tu. Alifariki katika ajali ya eropleni nchini Ekuado mwaka 1993, akiwa kazini.

Mwulizaji:
Nawashukuru sana. Basi nianze na masikio au na nyavu?

Mzee wa Nyavu:
Masikio. Msituni utasikia ndege mia kabla hujamwona mmoja, na nyavu za ardhini hazimfikii anayeishi kileleni mwa miti. Nyavu hazishikwi bila msimamizi mwenye kibali, kwa hiyo katafute huyo wakati unaendelea kusikiliza.