Mjadala: Umaskini uko kichwani, au umaskini ndio unaokilemea kichwa?

Wakuu, salaam.

Kauli mnaijua: "Umaskini uko kichwani." Wahamasishaji wanaitamka kwenye semina, tunaisikia kwenye mahubiri, inasambazwa kwenye magrupu ya WhatsApp. Badili fikra, tabia itabadilika, maisha yatafuata. Mimi naipinga, na anayeiamini aje tujibizane kwa hoja.

Dada yangu ni mama lishe. Mwaka jana alichukua mkopo wa kausha damu, marejesho kila siku. Huyu ni mtu wa hesabu kali, kwenye kikoba chao ndiye mweka hazina. Lakini miezi ile akawa mtu mwingine kabisa. Anasahau chumvi, anawafokea watoto, anakopa huku ili alipe kule. Ungemwona wakati huo ungeapa kwamba shida yake ni fikra. Ndugu tukachangishana, deni likaisha, na hazikupita wiki tatu dada akarudi kuwa yule tunayemjua. Hakuna aliyemfundisha kufikiri.

Na hayo hayakumkuta yeye peke yake. Mwaka 2013 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Anandi Mani na wenzake kuhusu wakulima 464 wa miwa katika jimbo la Tamil Nadu, India. Waliwapima watu wale wale mara mbili: kabla ya mavuno, mifuko ikiwa mitupu, na baada ya mavuno, fedha zikiwa mkononi. Kabla ya mavuno walifanya vibaya zaidi kwenye mafumbo ya mantiki na vipimo vya umakini. Mkulima ni yule yule, kichwa ni kile kile, ila mara ya kwanza kilikuwa kimebeba mzigo.

Sasa niweke mezani na ushahidi unaonibana, maana mjadala wa kuficha hauna faida. Huko Lomé, Togo, wafanyabiashara wadogo 1,500 waligawanywa makundi matatu. Kundi moja lilifundishwa mambo ya kawaida ya biashara, kama uhasibu na masoko. La pili lilifundishwa uthubutu: kuanzisha jambo bila kusubiri kusukumwa, kutoiga tu anachouza jirani, kuendelea baada ya kukwama. La tatu halikufundishwa chochote. Matokeo yalitoka 2017: faida ya kundi la uthubutu ilipanda kwa asilimia 30 ukilinganisha na wasiofundishwa, na mafunzo ya kawaida hayakufua dafu mbele yake. Kwa hiyo namna ya kufikiri inafundishika, na inaingiza fedha. Hilo nalikubali bila kinyongo.

Ila tazameni ni nani waliofundishwa. Ni watu ambao tayari walikuwa na biashara, na wakufunzi waliendelea kuwatembelea baada ya darasa. Fikra zao zilikuwa na mahali pa kushika. Mtu asiye na meza wala mtaji ukimwambia tatizo ni kichwa chake, umemwongezea aibu juu ya njaa. Wazee walisema aliyeshiba hamjui mwenye njaa.

Kwa hiyo nawauliza mnaoiamini kauli hii: saa kumi alfajiri, dada anawasha mkaa, na wa marejesho atagonga mlango saa mbili. Mngemwambia abadili fikra ipi?