MREJESHO: Yule panya wa porini aliyeng'atwa na paka

Habari za jioni wakuu. Wiki tatu zilizopita niliomba ushauri kuhusu panya mdogo wa porini niliyemkuta jikoni, ana kidonda mgongoni na anaburuta mguu wa nyuma.

Asanteni sana, hasa aliyesema joto kwanza, chakula baadaye. Nilizungushia kitambaa chupa ya maji ya uvuguvugu, nikaiweka upande mmoja wa boksi ili akizidiwa asogee pembeni. Baada ya saa mbili akaanza kunusanusa. Kidonda nilikiosha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupozwa, glavu mkononi kila mara. Maziwa sikumpa, alikula uwele na vipande vya tango.

Daktari wa mifugo alinieleza kuwa meno ya paka hupeleka vijidudu ndani hata tundu likiwa dogo. Alimpima, gramu 18 tu, akampa antibayotiki ya matone. Mgongo umepona, manyoya yanaota. Mguu haukupona. Nilichelewa siku mbili kumpeleka, na hilo bado linaniuma.

Juzi magharibi nilimwachia kwenye majani marefu nyuma ya shamba. Alichechemea, akasimama kidogo, kisha akatokomea.